Kamba ya Pima Sitini na Moja

Mimi ni mwongo. Naanza na hilo ili baadaye tusisumbuane. Nimewahi kuwaambia watu kwamba nilizaliwa na meno yote, na cha kwanza nilichouma ni kidole cha mkunga. Nimewaambia kwamba kusoma nilijifunza mwenyewe kwenye mifuko ya saruji nikiwa na miaka mitatu, na maneno ya kwanza niliyoyajua maishani ni "kilo hamsini". Hilo la saruji ni kweli, ila miaka ilikuwa arobaini na mitatu. Nimesema niliwahi kupiga chafya Jumatatu nikajikuta Alhamisi. Watu wakacheka, nami nikapata pa kukaa, maana mtu anayechekesha hupewa kigoda hata pale ambapo wengine wote wamesimama. Kigoda hicho ndicho nilichokikalia miaka yote ya ustaafu wangu, hatua tatu kutoka langoni, upande wa ndani. Leo nataka kusimulia jambo moja ambalo sikulitunga. Utaniamini, hutaniamini, shauri yako. Ila kulikuwa na mtu mmoja niliyemhitaji aniamini, akanicheka, na kicheko kile nusura kimle.

Nyumba ya Raha haina nje. Ina ukuta, na upande wa pili wa ukuta kuna sauti, lakini nje yenyewe, ile ya kwenda na kurudi, sijaiona tangu nilipoingia, na nilipoingia nilikuwa na nywele. Humu tunasokota kamba. Katani hushuka kutoka darini kama mvua nyeupe isiyolowesha. Unaivuta, unaisokota juu ya paja, nyuzi tatu zinakuwa kitu kimoja, na jioni kamba yako ikishapimwa hupitishwa kwenye tundu la ukutani, ikaenda. Inakokwenda hatukujui. Wapo wanaosema inafunga meli. Wapo wanaosema inafunga dunia isidondoke. Mimi niliwahi kuwaambia kwamba mwisho wake umefungwa kwenye mguu wa mbuzi mmoja mkubwa mno, na siku tutakapoacha kusokota mbuzi huyo atarudi kutuuliza tulikuwa tunamtakia nini.

Tunavaa ovaroli za kijivu zisizo na mifuko. Bi Sauda, mkuu wa Nyumba, mama mwenye sauti ya asali na viatu visivyotoa mlio, hutueleza kwa upole kila anapoingia mgeni: mwenye mfuko ana kitu, mwenye kitu ana wasiwasi, na sisi hatutaki mtu apate wasiwasi. Kisha hueleza sheria, nayo ni moja tu. Hatoki mtu hapa akiwa na huzuni. "Tumtoe mtu na huzuni yake akahangaike nayo huko?" husema, mkono kifuani. "Sisi si wanyama. Furahi kwanza, mwanangu, halafu lango ni lako."

Sasa sikia namna mtu anavyojulikana kuwa amefurahi. Zamani, kabla ya mimi, kuna aliyegundua kwamba mtu mwenye raha husokota kamba ndefu. Hakukosea. Nimewaona kwa macho yangu. Mtu aliyeoa juzi husokota huku anapiga mluzi, na kamba humfuata nyuma kama mbwa. Lakini akili ya mwanadamu haitosheki na jambo likiwa limesimama. Ni lazima ilipindue ione tumbo lake. Wakasema: ikiwa raha huleta kamba, basi kamba ndefu ni raha. Kuna haja gani ya kumuuliza mtu hali yake, na mdomo unadanganya? Pima kamba. Basi ikawa hivyo. Jioni Hatibu mpimaji hupita akakunyooshea kamba yako kwa mikono miwili na kukwambia, "Leo ulikuwa na raha ya pima kumi na nne." Na wewe uliyeshinda unaumwa jino, unaanza kulitilia shaka jino.

Nami nimekaa juu ya kigoda changu miaka na miaka nikiuliza. Raha ndiyo inayousukuma mkono? Au mkono ukishakimbia vya kutosha, raha huja nyuma yake inahema? Na mkono unaokimbia, unakimbilia kitu au unakikimbia? Kwa nyuma huwezi kujua. Mgongo wa anayewahi harusi na mgongo wa anayefukuzwa na nyuki ni mgongo mmoja. Nani amewahi kumgeuza mtu wa Nyumba hii akamtazama usoni? Hatibu hutazama kamba. Bi Sauda humtazama Hatibu. Mimi hutazama lango. Lango halitazami mtu.

Lango lenyewe ni Hatibu. Hapa ndipo watu hunisema, Mzee Mbwana ameanza, lakini ngojeni. Mtu anayenyoosha mikono kupima kamba kutwa, mwaka baada ya mwaka, mikono hurefuka. Hatibu alipoanza kazi pima yake ilikuwa pima ya binadamu. Ikawa ya binadamu na nusu. Mwishowe hakuweza kupita kwenye mlango wowote bila kuingia kiubavu, ndipo Bi Sauda alipomsimamisha kwenye uwazi wa ukuta, vidole vya kulia kwenye nguzo hii, vya kushoto kwenye nguzo ile, na milango ya mbao ikaondolewa, haikuwa na kazi tena. Jioni, Bi Sauda akisimama uwazini badala yake, huitoa mikono nguzoni akapima, kisha huirudisha. Na kwa kuwa pima ya Hatibu haikuwa na uaminifu tena, ilibidi kuwepo kamba moja isiyobadilika, ya kulaza kamba zote ubavuni mwake. Ikifika hapo, mtu amefurahi kamili, atoke. Kamba hiyo ilining'inia katikati ya ukumbi, imefungwa kwa mwanzo wake kwenye boriti, nene kama chatu aliyeshiba. Pima sitini na moja, kwa mikono ya Hatibu ya siku ilipopimwa. Iliitwa Kamba ya Mfano. Toka itundikwe hakuwa ametoka mtu.

Niliisokota mimi. Siku moja tu.

Walinistaafisha siku ileile kwa heshima, kwamba mtu hawezi kufurahi zaidi ya pale. Nilipotaka kutoka, Bi Sauda alishangaa hadi machozi yakamlenga. "Mzee Mbwana, mtu mwenye raha kama yako aende wapi?" Nikapewa kigoda.

*

Semeni aliingia humu kifua cha ovaroli kimelowa maziwa. Alikuwa amemwachia jirani mtoto, upande wa pili wa ukuta, kwa siku moja, akasokote kidogo, arudi. Siku ya kwanza tulimsikia mtoto analia. Siku ya pili akaita "Mama." Siku ya tatu akauliza kwa nini wenzake wanaenda shule na viatu. Siku ya nne sauti ikawa imekatika, nusu ya mtoto, nusu ya fundi seremala. Ndivyo wakati ulivyo huku kwetu. Ndani unakaa, nje unakimbia. Semeni akawa anasokota huku sikio limebandikwa ukutani, na ukutani pale pana alama ya sikio mpaka leo, nendeni mkaangalie.

Asubuhi ninayoisimulia, sauti ya mwanamume mzima ilikuja juu ya ukuta, taratibu, ya mtu asiyetaka kumbughudhi mtu.

"Mama, mimi Shekue. Leo naoa. Nimewaambia watu wasubiri mpaka alasiri."

Semeni alisokota mpaka ngozi ya paja ikatoka. Adhuhuri alikuja akachuchumaa mbele ya kigoda changu.

"Babu, nina hamsini na tisa."

"Umejitahidi, mwanangu. Tangu mimi, hajawahi kufika mtu hapo."

"Sikutafuta hongera. Zimebaki mbili na mwili wangu umekwisha. Kesho akiita atakuwa mzee kama wewe. Kesho kutwa hataita. Niambie basi. Siku ile ulikuwa na raha gani? Hata kama ni raha ya haramu, nitaitafuta."

Nilitazama miguu yangu. Miguu haikuwa na msaada.

"Siku ile sikuwa na raha, Semeni."

"Ee, tunajua. Ulikuwa umemeza jua."

"Hilo niliwaambia waliponiuliza. Siku ile mke wangu alikufa."

Alinitazama kidogo, kisha akapiga paja lake bovu kwa kiganja, akacheka kicheko kibaya, cha mtu aliyeishiwa. "Lo! Babu huna haya! Mke wako si ulituambia aliolewa na fisi mwenye duka la vitambaa?"

"Nilitunga."

"Na mbuzi mwenye kamba mguuni?"

"Nalo nilitunga."

"Na kuzaliwa na meno?"

"Meno… yalikuwa mawili."

"Umeona!" Akasimama. "Hata sasa! Mwanangu anasubiriwa na kadhi, wewe unanichezea! Mtu aliyefiwa hukaa chini, babu. Mimi nilipofiwa na baba yangu sikuweza hata kufunga kanga, nilifungwa na watu. Wewe unaniambia ulisokota sitini na moja?"

Nilimweleza, na niwaeleze na ninyi, sitarudia. Mwatumu alikuwa upande wa pili, mgonjwa. Habari huku huja juu ya ukuta zimefungwa kwenye jiwe. Asubuhi ile, nikiwa pima ya nne, jiwe lilidondoka karibu na mguu wangu limezungushiwa kipande cha kanga, nyekundu yenye korosho nyeupe, ile aliyokuwa akijifunika kitandani. Hakuna neno lililoandikwa. Kanga ya mgonjwa haichanwi akiwa bado anaihitaji. Nikasimama, nikaenda langoni. Mikono ya Hatibu ilikuwa pale, ikaniambia furahi kwanza. Nikarudi. Nikatafuta pa kukiweka kile kipande, na ovaroli haina mfuko. Basi nikakisokotea humo humo, katikati ya nyuzi tatu, nikakifunika kwa katani, na mkono ukaondoka. Sikuusukuma. Niliogopa kwamba nikiuacha nitajua. Uji ukaja, ukapoa, ukaondoka. Pima ya kumi. Mwatumu anapika. Pima ya ishirini. Mwatumu ananisuta mbele ya shangazi zake. Pima ya arobaini, amenuna, haongei, mgongo wake. Nilikuwa nikisimama tu, amekufa. Nikisokota, bado kidogo. Jioni wakapima. Wakanibeba juu juu. Watu mia mbili wakanipigia makofi kwa msiba wangu, Bi Sauda akauliza siri ya raha yangu, nami, kwa aibu, au kwa ujinga, au kwa sababu mwongo ni mwongo hata kaburini, nikasema, nimeota nimemeza jua.

Semeni aliitazama Kamba ya Mfano kule juu. Kisha akasema polepole, "Kama ni kweli, kimo ndani mpaka leo."

"Kimo."

"Basi ifumue."

Hapo nikaona ameshika penyewe. Sikumzika Mwatumu. Sijui amelala wapi, kichwa kimeelekea wapi. Wengine wana kaburi. Mimi nilikuwa na kamba. Kila siku naiona juu pale, nasema moyoni, yumo. Na sasa mama wa watu ananiambia nilichimbue.

*

Nikamwendea Bi Sauda katikati ya ukumbi, mbele ya wote, nikalisema. Nilisema wazi, kama mtu anayetoa ushahidi: kwamba kamba wanayopimiwa si ya raha, ni ya kilio.

Kwanza alicheka Bi Sauda. Alicheka kwa adabu, kisha bila adabu, akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Babu yangu, utatuua! Yaani watu wote hawa nimekuwa nikiwapimia kwa matanga?" Ukumbi mzima ukalipuka. Na mikono yao, ninyi, mikono yao ikaongeza kasi! Katani ikamwagika kutoka darini kama imetobolewa. "Mnaona faida ya huyu mzee?" akasema Bi Sauda. "Neno moja tu, pima tano kila mtu!"

"Naomba niifumue."

"Fumua, babu. Tuchekeshe."

Mwanzo wa kamba ulikuwa kwenye boriti, pasipofikika, na kile kipande kilikuwa pima ya nne kutoka huko. Ilibidi nianzie mkiani, nizifumue zote hamsini na saba. Nikakaa chini. Nikaanza kuzisokotoa nyuzi, kwa kidole gumba, kama nilivyokuwa nikizifumua nywele za Mwatumu Jumamosi. Walicheka pima kumi za kwanza. Pima ya ishirini wakawa wanatabasamu. Pima ya thelathini niliona watu wameacha kazi, na katani imeacha kushuka, inaning'inia hewani haijui iende wapi. Nami nilikuwa nairudi siku ile, toka pima ya mwisho kwenda ya kwanza. Mgongo ukanyooka. Nywele zikaota, nilizisikia. Pima ya arobaini, amenuna. Pima ya ishirini, shangazi zake. Pima ya kumi, harufu ya tui. Bi Sauda alisema, "Inatosha sasa, mzee," lakini alisema kwa sauti ya mtu asiyetaka liishe. Pima ya tano vidole vyangu vikakataa. Nikamtazama Semeni. Alikuwa amesimama na kamba yake begani, mdomo wazi, hapumui.

Nikafumua ya nne.

Kilidondoka bila sauti. Shibiri mbili za kanga, wekundu umehifadhika kama wa jana, kwa sababu jua halikuwahi kuufikia. Korosho tatu nyeupe na nusu ya nne. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kila mtu alilijua jiwe.

Nikawa mzee tena, papo hapo, kwa mkupuo mmoja.

Kule langoni Hatibu alikuwa anatazama. Sijawahi kumwona Hatibu akitazama kitu kisichokuwa kamba. Alisema, "Na mama yangu naye…" hakumaliza, akaishusha mikono ajipanguse uso, ile mikono mirefu, ikakunjika viwiko kama ngazi. Na nguzo mbili zikabaki nguzo mbili, na katikati yake mwanga.

"Semeni," nikasema.

Alikimbia. Alipofika usawa wangu akasita, mwanamke mpumbavu, lango lipo wazi naye anasita. "Babu, nisamehe."

"Alasiri imefika. Mwambie mwanao, nilizaliwa na meno."

"Mawili," akasema, akilia, akacheka. Akapita chini ya kiwiko cha Hatibu. Kamba yake ya pima hamsini na tisa ilibaki sakafuni, imejikunja, haifai kitu.

*

Ningependa kuishia hapo. Ningekuwa natunga ningeishia hapo. Ningewatoa watu mia mbili wote kwa vifijo, nami mbele yao juu ya yule mbuzi.

Lakini nilipogeuka kumtazama Bi Sauda, alikuwa ameinama juu ya rundo la katani niliyoifumua, analipapasa. Uso wake ulikuwa umelowa, machozi ya kweli. Na chini ya machozi kitu kilikuwa kinahesabu.

"Sitini na moja," akanong'ona. "Kwa siku moja. Bila hata uji." Akainuka. "Kumbe tulikosea. Miaka yote hii tunawapa watu vichekesho, ngoma, maandazi Ijumaa. Kumbe siyo raha. Ni huzuni!" Akaugeukia ukumbi, mkono kifuani, sauti ile ile ya asali. "Wanangu, tusameheane. Kuanzia kesho kila mtu aje kazini na msiba wake. Asiyekuwa nao asione haya, atasaidiwa. Na hatoki mtu hapa kabla hajalia akamaliza. Tumtoe mtu na kilio nusu? Sisi si wanyama." Akamtazama Hatibu. Mikono ikapanda, kiwiko kwa kiwiko, mpaka vidole vikashika nguzo. Mwanga ukafungwa.

Mimi wakanipa cheo. Mwalimu. Wakaninyang'anya kigoda, kwa kuwa anayeomboleza hukaa chini, wakanirundikia katani mbele yangu, watu mia mbili wakanizunguka wajifunze. Kile kipande nilikuwa nimekificha kiganjani, na Bi Sauda alikuwa anakitafuta kwa macho akitundike. Ovaroli, mnajua. Nikakohoa, nikaupeleka mkono mdomoni, nikakitia chini ya ulimi.

"Haya, mzee wetu," akasema. "Mkumbuke."

Nikamkumbuka. Na wakati huohuo, juu ya ukuta, vikaja vigelegele, vingi, vya harusi, na kimoja kilikuwa kibovu, cha mwanamke ambaye koo lake halijapiga kigelegele tangu alipokuwa na maziwa. Kanga ilikuwa na ladha ya chumvi na ya moshi wa jikoni. Mwatumu alikuwa hapo, chini ya ulimi wangu, anazima maneno. Mikono yangu nikaitazama ipo mapajani, kiganja juu, imetulia. Haikuwa inakimbilia kitu. Haikuwa inakimbia kitu. Nilikuwa sijawahi kuiona hivyo. Ni mikono mizuri tu, ya kawaida.

Hatibu akaja kupima. Akanyoosha, hakuna cha kunyoosha. Akanitazama usoni, kitambo, akatoa sauti kubwa ya kikazi:

"Hakuna hata shibiri."

"Maskini," akasema Bi Sauda. "Bado hana huzuni ya kutosha. Asitoke." Akainama. "Unajitahidi lakini, mzee? Unaumia kidogo?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Huo ulikuwa uongo wangu wa mwisho, na ndio mkubwa kuliko yote, na sikuhitaji hata neno moja kuusema. Toka siku ile sijafungua mdomo. Wanafikiri ni majonzi. Ndiyo maana haya nimeyaandika, kwa herufi kubwa kubwa kama za saruji, nyuma ya jiwe, na mnayasoma kwa sababu mkono wa mpimaji mmoja ni mrefu vya kutosha kuliweka jiwe juu ya ukuta na kulisukuma.

Mkimwona Semeni, mwambieni vigelegele vilifika.